Sina Neno

6 Januari

Kwako Maswali, mwanangu,

Pokea salamu nyingi, na zikizidi mgawie jirani. Sisi huku wazima. Magoti yangu tu ndiyo yanalalamika, nami nimeyaambia kwamba hapa kiwandani malalamiko hupelekwa kwa mkuu, na mkuu ni mimi, kwa hiyo yanyamaze.

Fundi Kalibu anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kumuuliza kwa nini chaki hulia ubaoni, na kwa nini ya bluu inachelewa kukauka kuliko nyeupe. Wakati ule ulimchosha, sasa anakutamani. Mama Boksi naye amepata wajukuu pacha. Tangu hapo anafunga maboksi huku anaimba, mpaka juzi tukakuta chaki nyekundu zimeingia kwenye maboksi ya nyeupe. Nimemsamehe, maana nami nilifanya hivyohivyo siku uliyozaliwa wewe.

Unaniuliza kwa nini sipokei simu. Mwanangu, simu za siku hizi hazina sauti. Mtu anaongea kama amejifunika blanketi. Barua ni bora, inakusubiri mezani, na ukitaka kuisikia tena unaifungua. Hata hawa wafanyakazi wameanzisha mtindo wa kuniandikia mambo kwenye ule ubao wa mlangoni wa kujaribia chaki. "Shangazi, maji yamekatika." "Shangazi, lori limefika." Sijui nani kawafundisha. Nawaacha tu, si wanajaribu chaki?

Haya, nije kwenye jambo. Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka kampuni kubwa ya vifaa vya shule. Nimempa jina Bwana Tai, kwa sababu ya tai yake ya shingoni, si yule ndege, ingawa ukimtazama kwa ubavu utasita. Fundi akajitambulisha kwake: "Kalibu." Yule bwana akajibu, "Asante sana," akaingia moja kwa moja mpaka kwenye matrei ya kukaushia. Tulicheka alipoondoka.

Wanataka kukinunua kiwanda. Wanasema kila kitu kitaendelea kama kawaida, ila mwenye mali atakuwa mwingine. Unajua mimi na marehemu baba yako tulianza na ndoo moja ya jasi na kalibu mbili za kumiminia chaki, za kuazima. Nusu ya kiwanda ilikuwa yake, na ya baba yako ni yako. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyesomea mambo haya. Ukiona tuuze, tuuze. Ukiona tusiuze, basi. Mimi sina neno.

Kula vizuri. Usilale na dirisha wazi.

Shangazi yako

&nbsp;

27 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi nikacheka peke yangu, na mlinzi akaniuliza kama nimeposwa. Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, na jirani wa juu bado anashona usiku na mchana, cherehani yake inapita juu ya kichwa changu kama treni. Nimezoea. Asiposhona nakosa usingizi.

Mwambie Mama Boksi hongera, na Fundi Kalibu mwambie swali langu la chaki ya bluu hakuwahi kulijibu, alinipa tu andazi ninyamaze.

Uliniuliza mwaka jana kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwa maneno marefu hata mwenyewe sikuyaelewa. Ngoja nijaribu tena. Kampuni ikitaka kuinunua nyingine, inahitaji mtu wa kwenda na kurudi, kuchunguza upande wa pili una tabia gani, una madeni gani, una watoto wa nje wangapi. Sisi ni washenga, shangazi. Tofauti ni kwamba mshenga wa kweli anakula karamuni, sisi tunakula biskuti mezani hapohapo tunapogombana.

Na mwaka huu ushenga umekuwa mgumu. Sheria za kununua na kuuza kampuni zimebadilika, mpaka wakubwa wetu wanazisoma kwa kidole kama watoto wa darasa la kwanza. Zamani watu walishikana mikono, wakapiga mhuri, yakaisha. Sasa tume inayosimamia ushindani wa biashara lazima iambiwe kwanza. Mnunuzi lazima atangaze gazetini kiwanda anakwenda kukifanyia nini. Wenye mali wote walio hai lazima waandikwe kwa msajili, hakuna kujificha nyuma ya mtu. Wanafanya hivyo ili mmoja asije akanunua wote, kisha siku moja shule zote za nchi zikajikuta zinanunua chaki kwa mtu mmoja, kwa bei aliyoiota usiku.

Kwa hiyo tafadhali usitie saini kitu chochote. Niandikie jina la hiyo kampuni ya Bwana Tai, nami nitachimba mpaka nijue hata bibi yake aliitwa nani. Halafu nitakuandikia kwa kirefu. Safari hii wewe ndiye bibi harusi, na mshenga wako ni mimi.

Nakukumbuka. Siku nyingine nanusa vumbi la jasi kwenye nguo ambazo hazijawahi kufika huko.

Maswali wako

&nbsp;

15 Februari

Kwako mshenga wangu,

Salamu nyingi. Huku mvua imetushika vibaya. Matrei tumeyaingiza ndani, mpaka ofisini, na sasa ninakuandikia chaki zimenizunguka kama wageni waliokosa viti. Pacha wa Mama Boksi wameota meno, wote siku moja, na nyumba nzima haijalala.

Jina la kampuni nimeliandika kwenye kikaratasi cha njano humo ndani, pamoja na kadi ya Bwana Tai. Yeye alirudi tena na watu wawili wenye futi. Walipima chumba cha mashine, wakapima stoo, wakapima mpaka mlango. Nikamuuliza Fundi, "Mtu anayenunua kiwanda cha chaki anapima mlango wa nini?" Fundi akaniandikia ubaoni: "Labda wa kutolea mashine." Nikamfutia. Sipendi utani wa namna hiyo.

Nakusubiri wewe. Nimemwambia Bwana Tai nina mtu wangu mjini anayejua mambo. Nilisema kwa maringo kidogo, unisamehe.

Shangazi yako

&nbsp;

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mu wazima nyote. Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Huku hali ya hewa ni ya joto. Jirani amenunua cherehani mpya, yenye kelele kidogo zaidi. Nimehamishwa chumba ofisini, sasa nakaa peke yangu upande wa nyuma, kuna utulivu.

Kuhusu lile jambo lako, sitaweza kukushauri. Tafadhali usiniandikie tena habari zake, na usinitumie karatasi yoyote inayolihusu. Tafuta mwanasheria wa huko, mtu asiyenijua mimi. Siwezi kukueleza sababu. Naomba usikasirike.

Uwe na afya njema.

Mimi

&nbsp;

4 Aprili

Kwako mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, mvua imekatika, matrei yametoka nje.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipojificha. Sikukuona. Hata jina lako hukuliandika mwishoni, umeandika "Mimi," kama mtu anayebisha hodi gizani. Sikukasirika. Nilikaa nayo tu.

Nikafikiri hivi: huyu mtoto amechoka na chaki. Chaki ni vumbi, inakaa kwenye nyusi, inakaa kwenye chai, na yeye sasa ni mtu wa ghorofani. Labda anataka kununua nyumba yake, aachane na cherehani za watu, na anaona aibu kuniambia, "Shangazi, uza." Hilo nalielewa kabisa. Hata baba yako alikuwa hivyo, akitaka kitu anaomba kingine.

Basi usihangaike tena, yamekwisha. Bwana Tai alikuja wiki iliyopita, tukasimama chumba cha mashine, akasema yake, nami nikasema langu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nimeshatoa neno. Na unajua nyumbani kwetu tulivyolelewa, ahadi ni deni.

Mwanasheria sikutafuta. Wa kazi gani tena?

Koti la baba yako bado lilikuwa kwenye msumari wake ofisini. Nimelitoa, nikalikung'uta, nikatafuta boksi la kulitia. Boksi zuri sikupata, nikalirudisha msumarini kwa muda. Mama Boksi anasema pale ofisini maboksi yamejaa, mimi sioni. Ndiyo hivyo. Wewe uwe na amani. Mimi sina neno.

Shangazi

&nbsp;

19 Mei

Kwako mwanangu,

Salamu. Hujajibu, labda barua yangu imepotea, au labda una kazi nyingi. Pacha wameanza kukaa. Mmoja anakaa, mwingine anamsukuma.

Uliniambia nisikuandikie habari za jambo lile, lakini hii si habari, hii ni kioja. Imekuja bahasha kutoka kwa hiyo tume yenu ya ushindani. Ndani kuna karatasi za kila mwenye mali, aandike kwa mkono wake kama anakubali kuuza au hakubali, na wametupa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Na wamesema hivi, nakunukulia: "Mmiliki wa pili afike mwenyewe ofisi ya msajili, akiwa na kitambulisho chake."

Mmiliki wa pili ni baba yako.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka Mama Boksi akaja kuangalia. Nikamwambia, "Wanamwita kaka, afike na kitambulisho! Nikamwazimie nauli wapi?" Mama Boksi naye akacheka, kisha akaniangalia, tukaacha kucheka.

Kosa ni langu. Kila mwaka nilikwenda kwa msajili, nikalipia, na jina lake nikaliacha lilivyo. Karani wa zamani alikuwa haulizi. Niliona kaburini tumeshamzika, kwa nini nimzike na pale tena? Sasa sheria mpya inataka walio hai tu. Nikaenda. Karani wa sasa ni binti mdogo, mpole, akanipa kalamu akanionyesha pa kulikata jina. Nikamwambia nimesahau miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Akaniinamia sikioni, akasema, "Hakuna shida, mama, urudi siku nyingine," na hakuitazama kabisa ile miwani. Mungu ambariki.

Jumatatu nimerudi. Nimeomba rula. Nimepiga mstari mmoja mwembamba, ili jina liendelee kusomeka kwa chini, na pembeni yake nimeandika lako. Mwandiko wangu umetetemeka kwenye herufi ya kwanza tu.

Kwa hiyo sasa wewe ndiye mwenye nusu, na karatasi yako watakutumia huko huko. Andika unavyoona. Mimi sina neno.

Shangazi yako

&nbsp;

8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe kabla hujafika mstari wa pili.

Karatasi ya tume imenifikia. Iko hapa mezani na inaniuliza mimi, kwa jina langu, kama mwenye mali: nakubali au sikubali. Na kwa kuwa inaniuliza, hatimaye ninaruhusiwa kuongea. Nimeibusu, shangazi. Sijawahi kubusu karatasi ya serikali.

Kile kikaratasi chako cha njano nilikifungua mwezi wa pili, nikasoma jina la kampuni, nikalisoma tena. Ofisi yetu ndiyo inayofanya kazi ya Bwana Tai. Faili lao lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Nilikuahidi kuwa mshenga wako, kumbe meza yangu ni ya upande wa bwana harusi.

Nilikwenda kwa bosi siku hiyohiyo nikamwambia, "Huyu anayenunuliwa ni shangazi yangu." Si mtu mbaya. Alinionyesha kanuni mpya za wanasheria. Sitalishika faili lile, nitahamia chumba kingine, na sitakuambia neno hata moja kuhusu mauzo hayo, la sivyo leseni yangu inakwenda. Hata kukwambia sababu ya kutokukwambia ni kukwambia. Ndipo nikakuandikia ile barua ya joto na cherehani. Niliiandika mara nyingi. Kila ilipokuwa na joto la kweli, ilikuwa inasema siri. Nikaona nikiandika jina langu mwishoni nitalia, nikaandika "Mimi."

Ya Aprili niliipata, haikupotea. Niliposoma kwamba umetoa neno, nikaona basi, shangazi amechoka, anataka kupumzika, na mimi nani hata nimzuie? Nikashindwa kukujibu hongera. Nikashindwa kukujibu chochote.

Nyumba sitaki kununua. Nani kakwambia?

Niliyoyaona kwenye faili kabla sijajua ni lenu, sitakuambia hata leo, na usiniulize. Lakini gazeti ni la kila mtu. Tafuta la tarehe mbili mwezi huu, ukurasa wa matangazo, chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi. Sheria imemlazimisha mnunuzi atangaze atakifanyia nini kiwanda. Soma wewe mwenyewe, na msomee Fundi.

Halafu kuna hili, na hili naruhusiwa kulisema kwa sauti. Kwa sheria mpya, kukubali kwa mdomo si kukubali. Kushikana mikono si kukubali. Kunyamaza si kukubali. Mpaka uandike kwa mkono wako, bado hujauza hata kipande kimoja cha chaki. Lile neno ulilompa Bwana Tai, mbele ya tume bado liko kinywani mwako.

Kwa hiyo sasa nakuuliza kama nilivyokuwa namuuliza Fundi, na andazi silitaki: wewe, shangazi, unataka kuuza? Nimezirudia barua zako zote. Kila mahali umeniambia huna neno. Unakumbuka nilipofeli mtihani nikatoroka, nikarudi jioni, ukanipakulia chakula ukasema huna neno? Baba alinivuta pembeni akaniambia, "Shangazi yako akisema hana neno, vuta kiti ukae."

Nimevuta kiti. Karatasi yangu sitaiandika mpaka nisikie lako.

Maswali wako, kwa jina langu

&nbsp;

25 Juni

Kwako Maswali, mwanangu, mshenga wa watu,

Salamu ni nyingi leo, nimeshindwa kuzipanga. Pokea hivyo hivyo, zikiwa zimemwagika.

Nimefurahi huna haja na nyumba, na nimekasirika ulikaa na mzigo huo peke yako, na nimejivunia uliushika mdomo wako kama mtu mzima. Yote matatu kwa pamoja. Mama Boksi ameniona nafuta macho, akaniandikia ubaoni, "Kuna nini?" Nikamwandikia, "Jasi."

Gazeti tumelipata kwa muuza vocha, alikuwa anafungia karanga. Nimemsomea Fundi: "Shughuli za uzalishaji zitaunganishwa na vituo vingine vya mnunuzi." Fundi akauliza ubaoni kuunganishwa maana yake nini. Nikamwambia kwa Kiswahili cha watu wa suti, kuunganisha ni kufunga. Mlango waliupima wa kutolea mashine. Alisema kweli ubaoni na mimi nikamfutia. Nimemwomba radhi.

Sasa na mimi vuta kiti.

Siku ile Bwana Tai aliposimama chumba cha mashine, mashine ilikuwa inaunguruma. Niliona midomo yake inacheza. Aliyoyasema sikuyasikia, hata moja. Alikuwa ameelekeza mkono kwenye matrei, nikadhani anaomba kupiga picha. Nikatabasamu, nikasema, "Sina neno." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, na mimi nikawa najiuliza, kumbe watu hawa wanapenda picha namna hii?

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya pongezi, kwamba tumekubaliana.

Ningesema nini? Kwamba nimeuza kiwanda kwa sababu sikusikia? Jasho la baba yako, la Fundi, la Mama Boksi, limekwenda kwa kutabasamu tu! Niliona aibu, mwanangu. Na barua yako ya baridi ilikuwa imeshafika, nikaona afadhali, ndivyo anavyotaka, basi nionekane nimeuza kwa akili zangu kuliko nionekane kiziwi.

Haya, nimeliandika. Kiziwi. Si simu ambazo hazina sauti. Ubaoni wananiandikia kwa huruma, na nilijua siku zote. La kulia limeondoka kabisa tangu mwaka juzi. La kushoto bado lina kitu kidogo, kama redio ya nyumba ya tatu, na ukaribu wenyewe lazima uwe wa mtu kukaa ubavuni.

Umeniuliza nina neno gani. Ninalo, mwanangu. Ninalo tangu Januari.

Siuzi. Sikutaka kuuza hata siku ile ya kwanza. Nilikuandikia nikiomba uniambie "Shangazi, tusiuze," ili isiwe mimi bibi kizee niliyeng'ang'ania vumbi na kukufunga nalo. Nililitega swali, likaninasa mwenyewe.

Juzi nimechukua karatasi ya tume. Kabla sijaandika kwa kalamu, nimeliandika neno kwanza ubaoni kwa chaki mbichi ya asubuhi, nione linavyokaa. SIKUBALI. Nikaliacha, nikaenda kunywa chai. Watu wakawa wanapita na matrei, wanalisoma, wanaendelea na kazi. Kila siku ubao ule hufutwa mara kumi. Siku hiyo hakuna aliyeufuta. Jioni nikalihamishia kwenye karatasi, na mkono haukutetemeka hata kwenye herufi ya kwanza.

Koti liko msumarini. Silitafutii tena boksi.

Na kuna neno la pili, ambalo tume haikuuliza. Sitalipamba, maana nikilipamba nitaishia kusema sina neno. Njoo. Njoo hata kwa siku chache. Sauti yako sijaisikia muda mrefu, na hicho kidogo kilichobaki kwenye sikio la kushoto nisingependa kimalizike kwa malori na mashine. Nataka nikitumie kwako.

Ukishindwa, niandikie umeshindwa. Usininyamazie tu. Safari hii nami nimeijua sheria: kunyamaza si kukubali.

Shangazi yako anayekupenda, na hilo nalo sikuwahi kuliandika

&nbsp;

11 Julai

Shangazi,

Salamu sikuandikii, nakuletea mwenyewe.

Karatasi yangu imekwenda kwa tume jana. Neno ni lile lako, nimeliiga mpaka mkato wa K. Ofisini nimeaga. Bosi ameniuliza nitafanya kazi gani huko, nikamwambia mabwana harusi wana washenga wa kutosha, ila mabibi harusi wanaopimiwa milango wako wengi na hawana mtu. Naomba kile chumba cha nyuma cha kuwekea maboksi, kikitosha meza na viti viwili.

Nafika Jumamosi. Kituoni usije, kuna kelele nyingi pale, nami sitaki neno la kwanza lipotee. Mwambie Fundi azime mashine, kisha nisubiri ofisini, kwenye benchi lako, chini ya koti.

Nitakaa kushoto kwako.

Maswali